Mama muuguzi anapoomba uzamivu, nyumba nzima inaomba naye

Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa Msamala, Songea, nyumbani kwa mama mdogo. Tulikuwa tumemaliza kula, watoto wanakusanya vyombo, baba mdogo ameshawasha redio asikilize taarifa ya habari. Mama mdogo akamwomba aizime. Akasema ana jambo.

"Nataka kuomba kusoma uzamivu. Safari hii naomba kweli."

Kimya. Wa kwanza kusema alikuwa kitinda mimba, yuko darasa la pili: "Kwa hiyo mama utakuwa daktari? Utaacha kuwa nesi?"

Tukacheka. Baba mdogo hakucheka. Aliuliza, "Na hawa utawaacha na nani?" Kisha akaongeza, taratibu, "Halafu umesema safari hii. Kuna safari nyingine?"

Ilikuwepo. Miaka miwili iliyopita mama mdogo aliomba kimyakimya na akakosa. Aliyejua ni mimi peke yangu, kwa sababu alinitumia fomu nimsomee. Alificha kwa kuogopa kuonekana anaikimbia nyumba. Pale mezani ndipo mumewe alipojua, na niliona wazi kilichomuuma. Kwake masomo hayakuwa shida. Shida ilikuwa kufichwa.

Wiki hii naandika kuhusu jambo hilo, kwa sababu nyumba nyingi zina mama au baba muuguzi mwenye ndoto kama hii, na wengi hawajui waanzie wapi.

Uzamivu ni nini, na si nini

Tuanze na swali la mtoto. Shahada ya uzamivu ndiyo ngazi ya juu kabisa ya masomo ya chuo kikuu. Aliyeihitimu huitwa Daktari, na gazetini tunamwandikia "Dk" mbele ya jina. Udaktari huo ni wa elimu. Muuguzi mwenye uzamivu anabaki muuguzi, haanzi kufanya upasuaji wala kuandika dawa kama tabibu. Mhadhiri wa Kiswahili mwenye uzamivu naye ni daktari, na hakuna anayempelekea mtoto mwenye homa.

Jambo la pili la kujua mapema ni kwamba uzamivu ni masomo ya utafiti. Unachukua swali moja ambalo halijajibiwa, unalitafutia jibu kwa miaka mitatu, minne au zaidi, kisha unalitetea mbele ya wanaojua kuliko wewe. Marekani wana aina mbili: uzamivu wa utafiti kama huu wetu, na udaktari mwingine wa uuguzi unaolenga zaidi utendaji kazini. Ukiona tangazo la chuo cha huko, soma vizuri ni upi unaoombwa.

Kwa hiyo, kama mzazi mwenzangu unataka tu kuwa fundi zaidi wodini, labda katika uuguzi wa wagonjwa mahututi au ukunga, shahada ya uzamili inaweza kukutosha. Uzamivu unamfaa zaidi anayetaka kufundisha chuo kikuu, kufanya utafiti au kushiriki kutengeneza sera.

Ngazi hazirukwi

Mama mdogo alianza na cheti. Akafanya kazi, akarudi kusoma stashahada, akafanya kazi tena, akasoma shahada ya kwanza, kisha uzamili. Kati ya ngazi na ngazi alizaa watoto watatu. Ukijumlisha, ni karibu miaka 20.

Ngazi hizo zina wasimamizi tofauti. Vyeti na stashahada viko chini ya NACTVET. Shahada zote, kuanzia ya kwanza hadi uzamivu, ziko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Leseni ya kufanya kazi inatolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, TNMC. Ukiwa masomoni usiache leseni ife. Kuihuisha kwa wakati ni rahisi kuliko kueleza baadaye ilikuwaje ikapita muda.

Kwa walio Ruvuma, vyuo vya kuanzia uuguzi vipo karibu. Peramiho, kwa mfano, hospitali na chuo chake vinatokana na misheni ya Wabenediktini na vimelea wauguzi wengi wa ukanda huu. Uzamivu ndio unaokuondoa nyumbani. Chuo Kikuu cha Muhimbili, MUHAS, kiko Dar es Salaam. Ni basi la alfajiri, na unafika usiku.

Swali kwanza, fomu baadaye

Mwaka ule mama mdogo alikosa kwa sababu iliyo wazi ukiisoma fomu yake leo. Kichwa cha andiko lake kilikuwa "Changamoto za huduma za mama na mtoto Tanzania". Hilo ni jina la semina. Mtu mmoja hawezi kulitafiti kwa miaka mitatu. Tena hakuwa amezungumza na msimamizi yeyote. Alijaza fomu, akalipia, akasubiri bahati.

Safari hii nilimuuliza: "Zamu ya usiku, ni kitu gani kinakukera mpaka unakiwaza ukiwa nyumbani?"

Hakufikiri hata dakika. Akanieleza kuhusu njiti, watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Wodini mama anafundishwa kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, njia tunayoiita kangaruu. Mtoto anapata joto, ananyonya, anaongezeka uzito, wanaruhusiwa. Baadhi wanarudi baada ya siku chache mtoto akiwa amepoa na amepungua. Ukimuuliza mama, anasema nyumbani alishindwa kuendelea. Kuna kuni, maji, shamba, na kuna mama mkwe anayeona ni ajabu mtu kushinda na mtoto kifuani.

Kangaruu si jambo geni duniani. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na upungufu wa mashine za kutunzia njiti. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mara tu baada ya mtoto kuzaliwa. Kwamba inafaa, tunajua. Mama mdogo anataka kujua kinachotokea baada ya mama kupanda bodaboda kurudi kijijini, na nani pale nyumbani angeweza kumsaidia aendelee. Hilo ni swali la utafiti, na limetoka kwenye kazi yake ya kila siku.

Wapo waliopita njia hiyo

Wauguzi wa Tanzania waliosoma uzamivu na kuwa wahadhiri MUHAS wanaonyesha vizuri jambo hili.

Sebalda Leshabari, muuguzi mkunga, alisomea uzamivu Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Utafiti wake ulihusu akina mama wenye virusi vya Ukimwi mkoani Kilimanjaro na uamuzi mgumu wa kumlisha mtoto. Ushauri wa kliniki ulisema hivi, maisha ya nyumbani, majirani na wakwe yakasema vile, na mama yuko katikati. Muuguzi aliyewahi kutoa ushauri kama huo anaujua uzito wa swali hilo.

Lilian Mselle naye alisoma Bergen. Alichunguza maisha ya wanawake waliopata fistula ya uzazi. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha makala inayoeleza kile wanawake hao wanachopoteza: kuumiliki mwili wao, nafasi yao kama wake, kukaa na watu, heshima. Ili mtu akusimulie hayo, lazima ujue kukaa naye na kumsikiliza, na wauguzi hufanya hivyo kila siku.

Dickson Mkoka alisoma Umeå, Sweden. Yeye alitazama huduma za dharura za uzazi vijijini, yakiwemo mambo kama dawa na vifaa kukosekana vituoni, na jinsi viongozi wa vituo wanavyohangaika.

Wote watatu walisajiliwa nje, lakini maswali yao yalitoka kwenye wodi na vijiji vya Tanzania. Kumbuka hilo unapodhani lazima utafute mada inayosikika ya Kizungu.

Baada ya swali, msimamizi

Mpango wa uzamivu unategemea sana mtu atakayekusimamia. Ingia kwenye tovuti ya chuo, tazama wahadhiri wanafanya utafiti gani, soma makala moja au mbili za yule anayekaribiana na swali lako, kisha mwandikie baruapepe fupi. Jitambulishe kwa sentensi mbili, eleza swali lako kwa sentensi tatu, mwambie kwa nini umemwandikia yeye, na ambatisha andiko la kurasa mbili au tatu. Usimtumie baruapepe moja wahadhiri kumi kwa pamoja. Wanaona.

Asipojibu, subiri wiki mbili umkumbushe kwa adabu. Wengi wana wanafunzi wengi na safari nyingi. Akikwambia swali lako ni pana, usikasirike, amekusaidia bure.

Nyaraka zianze kukusanywa mapema: vyeti vyote na matokeo ya kila somo kwa shahada ya kwanza na uzamili, cheti cha kuzaliwa, leseni, wasifu, andiko la utafiti, na barua kutoka kwa watu wawili au watatu wanaoijua kazi yako, hasa aliyekusimamia kwenye uzamili. Vyuo vingi vya Ulaya huomba pia mtihani wa Kiingereza kama IELTS. Angalia majina. Kama cheti kimoja kina jina la baba na kingine kina jina la mume, shughulikia kiapo cha majina sasa, si siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Ukienda nje, hakikisha mapema kwamba chuo hicho kinatambuliwa na TCU. Shahada isiyotambuliwa nyumbani ni karatasi ya gharama kubwa.

Ukishapokelewa bado kuna safari. Utaandika andiko kamili, utalitetea, na utaomba kibali cha maadili ya utafiti kabla ya kumhoji mgonjwa hata mmoja. Utafiti wa afya hupitia kamati ya maadili ya chuo au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR. Weka miezi ya hayo kwenye hesabu zako.

Fedha bila kudanganyana

Baba mdogo ni mwalimu wa hisabati. Baada ya kimya chake, alichukua daftari la mwanawe akachora mistari. Ada. Nauli. Chumba Dar es Salaam. Chakula. Kompyuta. Gharama za kukusanya taarifa vijijini. Upande wa pili: mshahara wake, mshahara wa mkewe, gunia za mahindi za msimu. Alipojumlisha, akaweka kalamu chini. "Kwa mfuko wetu, hapana," akasema.

Alikuwa sahihi. Familia nyingi za watumishi haziwezi kulipia uzamivu kwa mfuko wao bila kugusa ada za watoto, na mikopo ya Bodi inalenga zaidi shahada ya kwanza. Kwa hiyo ombi la ufadhili linakwenda sambamba na ombi la chuo.

Milango ipo. DAAD ya Ujerumani inafadhili masomo ya uzamivu yanayofanyika hapa hapa Afrika. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una nafasi za uzamivu Uingereza kwa nchi kama yetu. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za Afrika wenye makao Nairobi, unasaidia uzamivu katika afya ya jamii kwa watumishi wa taasisi wanachama, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara zimo. Vyuo vya Sweden na Norway vina ushirikiano wa muda mrefu na MUHAS. Kila mlango una masharti yake ya umri, kazi na tarehe, na hubadilika. Soma kwenye tovuti yao wenyewe, si kwenye picha iliyosambazwa katika kundi la WhatsApp.

Na hapa wazazi tuwe macho. Chuo kinaweza kukutoza ada ya maombi, hiyo ni kawaida, na hulipwa kwa namba ya malipo ya chuo. Mtu anayekupigia simu kusema umeshapata ufadhili, tuma kiasi fulani kwenye namba yake "kukamilisha", huyo ni tapeli.

Mwajiri aambiwe mapema

Kwa mtumishi wa umma, kuondoka bila ruhusa ya masomo ni kuhatarisha kazi na mshahara. Zungumza na mkuu wako wa kazi mapema ili masomo yako yaingie kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi. Omba kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nawajua waliosubiri barua ya ruhusa mpaka nafasi ya chuo ikapita, na hawakuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba waliomba.

Uliza pia swali ambalo wengi wanaliona aibu: nikirudi na uzamivu, cheo na mshahara wangu vitakuwaje? Usidhani vitapanda vyenyewe. Jibu hilo litakusaidia kuamua kama utarudi wodini, utaomba kwenda kufundisha, au utaangalia kwingine.

Sasa, na hawa utawaacha na nani?

Nimeliacha mwisho swali la baba mdogo kwa sababu ndilo kubwa.

Jioni ile halikupata jibu. Mazungumzo yalikwenda mara tatu, na mengine sikuwepo, nilisimuliwa. Baba mdogo alisema mshika mbili moja humponyoka. Mama mdogo akamjibu kwamba yeye ameshika zaidi ya mbili kwa miaka 20, na hakuna aliyewahi kumhurumia alipokuwa akitoka zamu ya usiku na kuingia jikoni. Baba mdogo alikubali kwamba ni kweli. Mama mdogo naye aliomba radhi kwa kuficha lile ombi la kwanza.

Hapo ndipo walipoweza kupanga. Swali la kangaruu liliwasaidia hata nyumbani: kwa kuwa taarifa zitakusanywa Ruvuma, miezi ya kuwa mbali inapungua. Atakaa Dar es Salaam kipindi cha mwanzo na vipindi vifupi vya baadaye, sehemu kubwa ya kazi atakuwa karibu na nyumbani. Bibi atatoka Mbinga kuja kukaa na wadogo. Baba mdogo atasimamia kliniki, vikao vya shule na sare za Jumatatu, kazi ambazo alikiri hakujua zinavyofanyika.

Mkubwa yuko kidato cha tatu, na miezi ya mama kuwa mbali inaweza kuangukia mwaka wake wa mtihani. Hili ndilo lililomfanya mama mdogo atake kuahirisha. Binti alisikia. Akasema, "Mtihani nitaufanya mimi, mama. Wewe omba."

Mama mdogo alilia kidogo, kisha wakakubaliana: ataomba sasa, na akipata ataomba andiko aliandae akiwa nyumbani mpaka mtihani wa Novemba upite. Chuo kikikataa, watakaa tena.

Watoto waambieni ukweli kwa kadiri ya umri. Mdogo anahitaji kujua mama anaondoka siku gani, anarudi lini, na nani atampikia. Mkubwa anahitaji kuulizwa maoni yake, si kukabidhiwa wadogo zake kama mzazi wa pili. Pangeni saa ya simu na muiheshimu. Mara nyingi mtoto anaumia zaidi kwa simu iliyoahidiwa na haikupigwa kuliko kwa umbali wenyewe.

Na kama mwaka huu kuna mgonjwa wa kuuguza nyumbani, mimba changa, au ndoa inayoyumba, kusubiri mwaka mmoja si kushindwa. Endelea kulinoa swali lako. Wanaorudi wodini kila siku hawakosi la kujifunza.

Mwaka 2020, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wauguzi na Wakunga, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dunia ina wauguzi karibu milioni 28 na inapungukiwa milioni 5.9. Hao wanaopungua lazima wafundishwe na mtu, na wa kuwafundisha ni wauguzi waliosoma. Mama mmoja wa Msamala akipata nafasi, wanafunzi wa kesho na njiti wao wanafaidika pia.

Juzi usiku mama mdogo alinitumia ujumbe akiwa zamu. Mhadhiri mmoja amemjibu: andiko sasa lina swali, lakini bado ni refu, apunguze. Kupokelewa bado. Baba mdogo siku hizi anasikiliza redio kwa sauti ya chini mama akiwa na karatasi zake mezani.

Na kitinda mimba ameshapata jibu lake. Mama amemwambia, "Nitakuwa daktari, na nitabaki nesi." Ameenda kuwaambia shule nzima.